Maswali na Majibu: Bolti Isiyofikika

Katika safu hii niliandika kwamba fundi hupimwa kwa bolti asiyoiona, na maneno hayo yameniletea maswali. Nayajibu haya saba kwa pamoja kwa sababu yote yanahusu zana za mkono za kufungia na kufungulia mahali ambapo kiganja hakiingii.

Shikamoo mwalimu. Ninajifunza ufundi katika gereji moja hapa Morogoro. Tunaposhusha gia boksi, bolti za juu zinazoishikilia kwenye injini hunishinda, kwa kuwa spana haipati nafasi ya kugeuka. Wenzangu huniambia niongeze nguvu. Nifanye nini?

Marahaba, mwanangu. Wenzako wamekosea, kwa sababu tatizo lako ni nafasi ya kuzungusha, na nguvu haiwezi kuitengeneza. Kichwa cha bolti kina pande sita, hivyo spana ya mdomo wazi ambayo mdomo wake umenyooka na mpini ingehitaji kuzunguka digrii 60 kabla ya kushika pande nyingine. Ndiyo maana spana nyingi za aina hiyo zimechongwa mdomo ukiinama digrii 15: ukivuta kidogo, ukaitoa, ukaigeuza tumbo likawa mgongo na kuirudisha, unaweza kuendelea kwa digrii 30 tu kila mara. Spana ya ringi yenye pembe 12 nayo huhitaji digrii 30. Pale juu ya gia boksi, kati ya chuma na bodi ya gari, mara nyingi huzipati hata hizo.

Basi acha kuifuata bolti kutoka juu. Ikiwa gia boksi imelala kwa urefu wa gari, unganisha ekstensheni (fimbo za kurefushia soketi) mbili au tatu hadi upate sentimita 60 au zaidi, kisha zipitishe juu ya mgongo wa gia boksi kutoka nyuma, ambako utakuwa umelala chini ya gari na mkono wako una uwanja wa kutosha. Mwisho wa mbele weka kiungo cha krosi, kilichoundwa kama krosi ya propela shafti, halafu soketi, ile kofia ya chuma inayovaa kichwa cha bolti. Kiungo hicho kina tabia ya kulegea na kuinamisha soketi kabla haijafika kwenye bolti. Kizungushie utepe wa umeme mara mbili au tatu, nacho kitapinda ukikilazimisha lakini hakitaanguka chenyewe. Pembe ikiwa ndogo, ekstensheni yenye ncha iliyochongwa mviringo, inayoruhusu soketi kuinama takriban digrii 15, ni bora kuliko kiungo cha krosi kwa sababu ni imara zaidi na haichukui nafasi.

Ukishafungua kishikio cha nyuma cha gia boksi huku jeki na kipande cha mbao vikiwa vimeibeba, ishushe kidogo kidogo. Injini italalia nyuma na nafasi ya juu itafunguka. Mtu mmoja akae mbele akiangalia feni isiguse rejeta na mipira ya maji isivutike. Nimeona vijana wakihangaika asubuhi nzima na bolti moja, kumbe walikuwa hawajashusha mkia wa gia boksi hata kwa upana wa vidole vitatu.

Mambo mawili ya mwisho. Ekstensheni ndefu hujisokota kama springi, hivyo utahisi mpini unasogea kabla bolti haijasogea. Usidhani imelegea, endelea kuvuta taratibu mpaka usikie mlio wake. Na kwa kuwa stata iko jirani na bolti hizo, vua waya wa hasi wa betri kwanza. Spana ikigusa waya mnene wa stata na bodi kwa wakati mmoja, inaweza kuwa nyekundu mikononi mwako.

Mwenye duka mmoja hapa Nairobi aliniambia racheti ya meno 72 ni bora kuliko ya meno 36. Ni kweli, au ni maneno ya biashara?

Ni kweli, ingawa si kwa kila kazi. Racheti ni mpini wa soketi wenye meno ndani, unaoweza kurudi nyuma bila kuizungusha bolti. Gawanya 360 kwa idadi ya meno: meno 36 hukupa hatua ya digrii 10, na meno 72 hukupa digrii 5. Kwa mpini wa sentimita 20, digrii 10 ni mwendo wa karibu sentimita tatu na nusu kwenye ncha, na digrii 5 ni chini ya sentimita mbili. Mahali penye nafasi huwezi kuona tofauti, lakini nyuma ya altaneta tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama bolti itatoka au utavua altaneta yenyewe. Kumbuka pia kuwa ekstensheni na viungo huwa na ulegevu wao, na ulegevu huo hula digrii chache za kwanza kabla jino halijashika, kwa hiyo racheti ya meno machache iliyowekewa viungo viwili inaweza kwenda na kurudi bila kufanya kazi yoyote.

Spana za ringi zenye racheti ndani yake, ambazo nyingi zina meno 72, hunifaa kuliko racheti ya kawaida pale ambapo kimo ndicho kinachokosekana, kwa sababu kichwa chake ni chembamba. Lakini zina mtego mmoja ambao wauzaji hawausemi. Zile zisizo na kitufe cha kubadili mwelekeo hugeuzwa kwa kuivua spana na kuipindua. Sasa fikiria unafungua bolti inayorudi nyuma kuelekea chasisi: inatoka, inatoka, mpaka kichwa chake kinagusa chasisi na spana ikiwa bado imeivaa. Haiwezi kuvuliwa tena, na haiwezi kurudishwa ndani kwa sababu racheti inazunguka upande mmoja tu. Kabla ya kuanza, pima kwa jicho urefu wa bolti na nafasi iliyo nyuma yake. Ikiwa nafasi ni ndogo, tumia yenye kitufe, au malizia kwa spana ya mdomo wazi.

Nimenunua seti ya soketi yenye namba 13, 17 na 19, lakini gari langu lililotoka Japani linataka 12 na 14. Je, niliuziwa seti mbovu? — Msomaji wa Mombasa

Seti yako si mbovu. Ilikusudiwa magari mengine. Bolti yenye unene wa milimita 8 kwenye hesi hupewa kichwa cha namba 13 na watengenezaji wengi wa Ulaya, ilhali Wajapani wengi huipa namba 12. Ya milimita 10 huja na kichwa cha 17 au 16 kwa Ulaya, na 14 kwa Japani. Ya milimita 12 ni 19 au 18 kwa Ulaya, na 17 kwa Japani. Kati ya hizi, ile ndogo ya milimita 6 ndiyo wanayokubaliana, kwa kichwa cha namba 10, na pengine ndiyo sababu soketi namba 10 ndiyo inayopotea kuliko zote gereji.

Kichwa kidogo ni neema mahali pabanifu, kwa kuwa soketi yake ni nyembamba. Usijaribu kuvalisha 13 juu ya 12. Angalia pia usichanganywe na neno nusu inchi: likisemwa juu ya racheti lina maana ya mraba unaoingia kwenye soketi, bali soketi ya nusu inchi ina mdomo wa milimita 12.7, ambao hulegea kwenye kichwa cha 12 na haukiingii cha 13. Kwa kazi za pembeni nunua mraba wa robo inchi na wa tatu kwa nane, na uache wa nusu inchi kwa nati za magurudumu. Chagua soketi za pembe sita. Zile za pembe 12 huteleza na kumaliza kichwa cha bolti yenye kutu.

Mimi ni mhandisi Dar es Salaam. Kitabu cha injini kinataka nati ikazwe kwa nyutoni-mita 110, lakini bomba linapita juu yake na soketi haiingii. Nimepata kile kichwa cha spana kisicho na mpini, chenye mdomo upande mmoja na tundu la mraba upande wa pili. Je, toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, itasoma sawasawa nikikitumia?

Inategemea umekipachika kuelekea wapi, na hapa ndipo watu makini huharibu kazi. Kichwa hicho kikinyooka na mpini, kimeurefusha mkono wa toki renchi, kwa hiyo nati itapata nguvu kubwa kuliko inavyoonyeshwa. Pima urefu wa renchi kutoka katikati ya mraba hadi katikati ya mahali unaposhika, kisha pima kutoka katikati ya mraba hadi katikati ya nati. Zidisha nguvu inayotakiwa kwa urefu wa kwanza, halafu gawanya kwa jumla ya urefu wote wawili. Tuseme renchi ina milimita 400 na kichwa kina milimita 40: 110 mara 400, gawanya kwa 440, unapata 100. Utaweka renchi kwenye 100, na nati itapata 110 zake. Hesabu hii inakutaka ushike mpini pale pale ulipopimia, si mbele wala nyuma yake.

Kama nafasi inaruhusu, kipachike kikiwa kona mraba na mpini, yaani digrii 90. Hapo urefu wa mkono haubadiliki kwa kiasi cha kujali, na husahihishi chochote. Binafsi ndivyo ninavyofanya kila ninapoweza, kwa sababu hesabu inayofanywa kwenye karatasi yenye grisi ina njia nyingi za kukosewa.

Ekstensheni iliyonyooka haibadilishi kipimo, iwe fupi au ndefu, mradi uizuie kwa mkono wa pili isiyumbe. Kiungo cha krosi, kinyume chake, kiepuke kabisa katika ukazaji wa mwisho. Kikipindwa digrii 30, nguvu inayofika kwenye bolti hupanda na kushuka kati ya takriban asilimia 87 na 115 ya ile unayotia, kulingana na mahali mzunguko ulipofikia. Kinafaa kwa kufungua na kwa kuzungushia bolti mpaka ikae.

Nati ya bomba nyuma ya sinki la jikoni imelegea na maji yanavuja kabatini. Mkono unafika, lakini spana haifiki. — Mama wa nyumbani, Zanzibar

Dada yangu, iko spana iliyoundwa kwa kazi hiyo tu, nayo maduka ya vifaa vya mabomba huiita spana ya sinki. Ni fimbo ndefu yenye kipini kilichokingama chini, na juu ina mdomo wenye meno unaopinduka kushoto au kulia. Funga maji kwanza, ingiza fimbo kutoka chini, uache mdomo uikumbatie nati, kisha zungusha kile kipini. Ukiwa umelala kabatini ukitazama juu, kufunga ni kufuata mwendo wa saa kama unavyouona kutoka pale ulipo. Wengi hujichanganya kwa sababu wanafikiria jinsi ingeonekana kutoka juu ya sinki. Ukitaka kufungua, pindua mdomo upande wa pili. Nati ikiwa ya plastiki, ikaze kwa vidole, kisha uongeze kidogo sana kwa spana. Ile spana ya kurekebisha, ambayo mafundi wameipa jina nisiloweza kuliandika mbele ya wazee, iache: mdomo wake ni mnene na utakwaruza ukuta kabla haujashika.

Je, naweza kuchomeka bomba kwenye mpini wa racheti ili nipate nguvu? — Dereva wa lori, Mbeya

Hapana. Ndani ya racheti kuna kijino kidogo kinachobeba kazi yote, na kikivunjika ghafla ngumi yako ndiyo itakayokutana na chasisi. Legeza kwa pawaba, yaani mpini mrefu wa soketi usio na meno ndani, kisha rudi kwenye racheti. Bolti yenye kutu inyunyizie mafuta ya kupenya jioni uifungue asubuhi, na ukianza, ikaze kidogo kwanza kabla ya kuifungua.

Bolti huniponyoka kabla sijaifikisha kwenye tundu lake, na mara nyingine soketi yenyewe hubaki ndani. Nifanyeje? — Fundi pikipiki, Kisumu

Weka kipande cha karatasi juu ya kichwa cha bolti, kisha kisukumize ndani ya soketi pamoja nacho. Kitabana vya kutosha kuishikilia hata ikitazama chini. Grisi kidogo ndani ya soketi hufanya kazi hiyo pia. Sumaku husaidia, ila haitashika alumini wala shaba, na bolti nyingi za chuma kisichoshika kutu hazishikiki nayo.

Kwa plagi ya pikipiki, injini ikiwa baridi, chukua kipande cha mpira wa petroli kinachobana juu ya plagi na uizungushe nacho kwa vidole. Ikiingia upande, mpira utateleza kabla hesi za alumini hazijaharibika, jambo ambalo spana haiwezi kukufanyia. Ukiona inaingia vizuri mpaka mwisho, ndipo uchukue spana ya plagi na kuikaza kadiri ilivyochorwa kwenye kiboksi chake. Bolti nyingine zote nazo zianze kwa vidole: zungusha kwanza kinyume mpaka usikie hesi zimedondokea mahali pake, ndipo uelekee mbele.

Kuhusu soketi kubaki ndani, tafuta racheti na ekstensheni zenye kitufe cha kuachia. Kitufe hicho ni kazi ya Mmarekani Peter Roberts, aliyekibuni akiwa kijana mwajiriwa wa duka la Sears, akapata hataza mwaka 1965, na baadaye akaishitaki kampuni hiyo kwa miaka mingi akidai alilipwa kidogo mno. Bila kitufe, zungushia utepe kwenye kiungo cha soketi na ekstensheni. Na bolti ikikuponyoka ukasikia imegonga chuma lakini hukuisikia ikigonga sakafu, usiwashe injini mpaka uione kwa macho yako.