Manasi si budhi: kwa anayeanza kusoma Sankhya

Kosa linalowakwamisha wengi hutokea siku ya kwanza. Mwanafunzi anakutana na neno la Kisanskriti, manasi, anaandika "akili". Anakutana na budhi, anaandika "akili" tena. Hapo amejifungia mlango, maana Sankhya yote, falsafa hii ya kale ya India, inauliza nani analeta habari na nani anakata shauri. Yaache maneno hayo kama yalivyo daftarini mpaka uzoee kazi ya kila kimoja.

Anza na hesabu. Katika Sankhyakarika, kitabu cha msingi cha falsafa hii, mwandishi wake Ishvarakrishna anataja vyombo 13 vya kujua na kutenda. Vya nje ni 10: vitano vya kujua (sikio, ngozi, jicho, ulimi, pua) na vitano vya kutenda (usemi, mikono, miguu, kiungo cha haja na cha uzazi). Vya ndani ni vitatu: manasi, ahankara (hisia ya "mimi") na budhi. Vya nje ni milango, vya ndani ni mabawabu. Angalia vizuri ulimi: kuonja ni kujua, kusema ni kutenda. Ukiviunganisha, hesabu haitatimia.

Sasa chukua embe sokoni. Jicho linaleta rangi na umbo, basi. Halijui kama ni embe. Manasi inapokea na kupanga: embe au papai changa? Ahankara inadai: hili linanihusu mimi. Budhi inakata: ni embe, nalichukua. Ndipo mkono unanyooka. Kila siku chagua tendo moja dogo, uliandike hivyo kwa mistari minne. Wiki moja inatosha kuona unapochanganya.

Usidhani hatua hizo hufuatana daima. Wafafanuzi wa kale wana mfano mzuri sana: mtu yuko kwenye giza nene, umeme unamulika, anamwona simbamarara mbele yake, anaruka nyuma. Hapo jicho, manasi, ahankara na budhi vimefanya kazi kwa mpigo.

Jambo jingine linalopitwa haraka mno: vyombo vya nje hufanya kazi na kilichopo sasa tu, vya ndani hufika jana na kesho. Ndiyo maana kufumba macho hakumalizi tamaa. Embe la jana bado linazunguka ndani, na Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu (3:6), inamwita mnafiki anayezuia viungo huku moyoni akiviwaza vitu vile vile.

Upanishadi ya Katha, andiko jingine la kale la Kihindu, ina mfano wa gari la farasi. Wengi huiweka manasi kwenye kiti cha dereva, si hivyo. Dereva ni budhi, manasi ni hatamu, farasi ni hisi, na mwenye gari ni atma, yaani nafsi. Pia, usiite budhi "roho". Kwa Sankhya, budhi ni zao la prakriti, yaani maumbile. Purusha, yaani nafsi halisi, hushuhudia tu, hatendi.

Ukishafika hapo, soma Gita 2:62-63 polepole: kuwaza kitu, kushikamana nacho, tamaa, hasira, kuchanganyikiwa, kumbukumbu kuvurugika, kisha budhi kuharibika. Hesabu budhi imeharibika katika hatua ya ngapi, halafu rudi kwenye lile embe utafute hatua ambayo bado ungeweza kuvuta hatamu.