Chiuta, deus na theos: kufanana kwa maneno si undugu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimetumiwa video inayosema kwamba watu wa Lydia ya kale, katika Uturuki ya leo, walimwita mungu "chiu", na kwamba hapo ndipo lilipotoka jina Chiuta, yaani Mungu kwa Watumbuka wa Malawi. Mzungumzaji anaongeza kuwa deus ya Kilatini na theos ya Kigiriki ni neno hilohilo. Je, neno hilo la Kilydia lina ndugu gani hasa? (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Marahaba. Neno lipo kweli. Wataalamu huliandika ciw-, na maana yake ni mungu. Katika yote uliyoyasikia kwenye video hiyo, la kushika ni hilo tu.

Hiyo "chiu" ni kosa tangu mwanzo, kabla hata ya kulinganisha chochote. Herufi c katika vitabu vya Kilydia si ch yetu. Walydia walikuwa na alfabeti yao, wakiiandika zaidi kutoka kulia kwenda kushoto, na c ni alama waliyoichagua wataalamu kuwakilisha mojawapo ya herufi hizo. Sauti yake inadhaniwa ilikaribia ts au dz. Tena alama hizi hubadilishwa utafiti unaposonga mbele. Neno la nyumba liliandikwa bira kwa miaka mingi, na leo wengi huandika pira, kwa kuwa herufi ile imeonekana kuwa p. Jiwe lenye maandishi hayo ni lilelile. Aliyejenga nadharia yake juu ya ile b hana tena pa kusimama.

Kilydia kimebaki katika maandishi mia moja na ushei, mengi yakitoka Sardi, mji mkuu wao, ile Sardi inayotajwa katika Ufunuo wa Yohana. Mengi ni ya karne ya 5 na ya 4 KK. Ufunguo mkubwa ulikuwa jiwe la kaburi lililochimbuliwa hapo mwaka 1912, lenye maandishi kwa Kilydia na kwa Kiaramu, lugha ambayo tayari ilisomeka. Mwishoni linamlaani yeyote atakayeliharibu kaburi: mungu wa kike Artemi, wa Efeso na wa Koloe, amwangamizie ua wake na nyumba yake, ardhi na maji yake, mali yake na chochote alicho nacho. Kwa kuyaweka maandishi hayo mawili sambamba, watu wakapata aara (ua), bira (nyumba) na kofu (maji). Maana za Kilydia zimepatikana hivyo, neno moja moja, kwa jasho. Ndiyo maana nakereka mtu anapochukua silabi moja kutoka humo na kuitumia apendavyo.

Sasa ndugu za ciw-. Kilydia ni cha tawi la Anatolia, yaani eneo la Uturuki ya leo, katika jamii ya lugha za Kihindi-Kiulaya, pamoja na lugha nyingine za kale za huko, Kihiti na Kiluwi. Kihiti kina šiu-, mungu, na šiwatt-, siku. Kiluwi kina Tiwad, mungu wa jua. Nje ya Anatolia kuna Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki, Dyaus, mungu wa anga katika Kisanskriti, lugha ya kale ya India, na katika Kilatini Iuppiter, mungu mkuu wa Warumi, dies, yaani siku, na deus, yaani mungu. Zote zinarudi kwenye mzizi uliohusu anga ang'avu la mchana, ambao wanaisimu huuandika *dyew-. Kinyota hicho maana yake ni kwamba umbo hilo halikukutwa limeandikwa popote; limekokotolewa.

Kwa macho matupu, ciw-, šiu-, Tiwad na Zeus hazifanani. Kinachoziunganisha ni kanuni. Katika Kihiti, d iliyofuatwa na i au y iligeuka š, na iligeuka hivyo katika neno la mungu na katika neno la siku pia. Kilydia kiliipeleka kwenye c. Kigiriki kiliigeuza dy kuwa z mwanzoni mwa neno, lakini ukisema "ya Zeus" unapata Dios, na d inajitokeza tena.

Hilo la deus na theos ndilo linalonichosha kuliko yote, kwa sababu nalisikia hata kwa watu waliosoma. Maneno haya yanafanana sura, yana maana moja, lugha zenyewe ni ndugu, na bado hayahusiani. Th ya Kigiriki mwanzoni mwa neno hulingana na f ya Kilatini: thyra ni mlango, Kilatini fores, thymos ni moyo au ghadhabu, na mwenzake wa Kilatini ni fumus, moshi. D ya Kigiriki hulingana na d: deka na decem, kumi, duo na duo, mbili. Kwa hiyo theos ingekuwa na ndugu Kilatini, ndugu huyo angeanza na f. Na wapo: fanum, hekalu, na festus, ya sikukuu. Deus mwenzake ni Zeus.

Ikiwa lugha mbili za jamii moja zinaweza kudanganya kiasi hicho, Lydia na Malawi je? Chiuta ni neno la Kibantu lenye viungo vyake. Chi- ni kiambishi, kilekile ambacho Kiswahili hutamka ki-: wao husema Chitumbuka, sisi Kitumbuka. Kiungo cha pili kwa kawaida huelezwa kuwa uta, upinde, neno ambalo Mswahili halihitaji kutafsiriwa. Mwenye video amekata katikati ya uta ili apate "chiu", na ile -ta iliyobaki hakuieleza. Isitoshe, ch hiyo zamani ilikuwa k. Ukirudi nyuma hadi wakati Walydia walipokuwa hai, hata mfanano anaoushangilia unatoweka.

Undugu wa kweli wa Kibantu unaweza kuupima mwenyewe. Njaa kwa Kichewa ni njala, kwa Kizulu indlala. Mvua ni mvula, na imvula. Kuzaa ni kubala, na ukuzala. Kila mahali wenzetu wana l, sisi l hiyo imedondoka. Jozi moja ingekuwa bahati. Mfululizo wa namna hii bahati haiufanyi. Na bahati ipo, tusijidanganye: Kimbabaram, lugha ya wenyeji wa Queensland huko Australia, kilimwita mbwa dog, kama Waingereza, na imethibitika kuwa neno hilo lilitokana na gudaga ya lugha za hukohuko. Sauti za binadamu ni chache, maneno ni maelfu. Anayetafuta mifanano katika kamusi mbili zozote hakosi kurudi na gunia.

Mbinu hiyo ya gunia ndiyo iliyotumika kutangaza kwamba Kiswahili ni mtoto wa Kiarabu. Watu walihesabu kitabu, habari na dunia, wakaziruka mvua, njaa, ngeli na mnyambuliko mzima wa vitenzi. Leo inatumika kuwapa watu wetu chimbuko la Misri, la Sumeri, sasa Lydia, na wanaoieneza hujiita watafiti. Nina wanafunzi wanaoniletea majedwali ya jozi arobaini yaliyotolewa kwenye video, bila kanuni hata moja ya sauti, na inanibidi niwaambie waanze upya. Lugha za Kibantu zina historia ndefu inayochunguzika kwa vipimo hivihivi, na kuiacha ili kuazima ya Anatolia ni kuwanyang'anya wazee wa Kitumbuka neno lao wenyewe.

Aliyekutumia video mwulize jambo moja. Kama c ya Kilydia ndiyo ch ya Kitumbuka, akupe neno la pili lenye badiliko hilohilo, kisha la tatu. Kofu ni maji na pira, ile bira ya zamani, ni nyumba. Aanze na hayo.