Kwa nini leteksi haikushika kwenye kalibu yangu?

SWALI: Assalaam aleikum, fundi. Mimi ni kijana wa Langoni, Lamu. Mimi na wenzangu tunapiga filamu fupi ya kutisha, nami nimepewa kazi ya kutengeneza barakoa nyeupe ya kichwa kizima, mfano wa ile ya filamu ya Halloween ya mwaka 1978. Nilifinyanga kichwa kwa udongo, nikakitolea kalibu ya vipande viwili kwa plasta ya unga (ile ya jasi) niliyoikoroga na maji ya kisima. Kesho yake nikaipaka vaselini ndani ili barakoa isigande, nikaifunga, nikamimina leteksi, yaani mpira wa majimaji, na kuiacha saa nzima. Nilipoimwaga, karibu yote ilitoka. Kilichobaki ni utando mwembamba uliochanika nilipouvuta, na mabonge kidevuni. Sasa ndani ya kalibu pameota unga wa chumvi. Je, leteksi hii ni mbovu? Na nikitumia chokaa yetu ya matumbawe badala ya plasta, itafaa?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Leteksi yako haina neno. Matatizo yote matatu yako kwenye kalibu: ina mafuta, ina maji, na ina chumvi.

Leteksi ni chembe za mpira zilizoelea ndani ya maji yenye amonia kidogo. Ukiimimina ndani ya plasta iliyokauka, plasta huyanyonya yale maji, na chembe za mpira zilizo karibu na ukuta hubaki nyuma na kushikana. Hapo ndipo ngozi ya barakoa inapojengeka, kutoka ukutani kuja ndani. Kwa hiyo kalibu lazima iwe na kiu. Wewe umeifunga vinyweleo kwa vaselini, na hata kabla ya hapo ilikuwa imeshiba, kwa sababu plasta ya siku moja ni ngumu kwa mkono lakini imejaa maji tele. Isitoshe, mafuta huudhoofisha mpira, ndiyo maana utando ulikuchanikia. Vaselini ina kazi moja tu hapa: kupakwa kwenye ukingo wa kipande cha kwanza kabla hujamwaga plasta ya kipande cha pili, ili viwili hivyo viachane. Usoni, pale leteksi itakapokaa, usipake kitu chochote.

Sasa maji. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na wewe wa Lamu unajua vizuri tofauti ya maji hayo na yale yanayotoka chini ya machuguu ya mchanga ya Shela. Chumvi huiharakisha plasta ikaganda kabla hujamaliza kuipaka, na huifanya iwe dhaifu. Kalibu inapokauka, chumvi husafiri na maji hadi juu na kuota unga ule uliouona. Chumvi pia huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo kalibu yako haitakauka sawasawa hata ukiisubiri mwezi. Na leteksi ikikutana na chumvi hugandamana ovyo, ndiyo hayo mabonge ya kidevuni. Tumia maji ya mvua. Mwenye jabia au tangi la kukinga maji ya paa hakunyimi ndoo moja, na kichwa kizima hakihitaji zaidi ya ndoo.

Kipimo changu ni kilo 1.4 za unga kwa lita 1 ya maji. Ukizidisha unga unapata kalibu ngumu isiyonyonya, ukizidisha maji unapata kalibu inayopukutika. Nyunyiza unga juu ya maji, usimwage maji juu ya unga. Uache ulowe dakika moja au mbili, kisha koroga polepole mkono ukiwa chini kabisa, usivute hewa. Tabaka la kwanza liwe jepesi: lipake kwa brashi na ulipulize kwa mdomo liingie kwenye kila mkunjo wa udongo, maana povu dogo unaloliacha hapo litatokea kama chunusi kwenye barakoa. Tabaka zinazofuata changanya na katani iliyochambuliwa, hadi ukuta ufike unene wa inchi moja. Plasta inapoganda hutoa joto kali la kuunguza, basi mtu asije akakushauri umwagie mwenzako usoni au utumbukize mkono ndani.

Kukausha ndiko kunakowashinda watu wengi wa pwani. Hewa yetu ni nzito, na wakati wa masika kalibu inaweza kukaa wiki kadhaa bila kuwa tayari. Kaskazi ndiyo saa nzuri ya kazi hii. Iweke darini penye upepo, vipande viwili vimefunguliwa, vimeinuliwa juu ya vijiti ili hewa ipite chini. Usiipeleke jikoni wala kwenye oveni: ikipita nyuzi 50 hivi, plasta huanza kupoteza maji yaliyo ndani ya umbile lake na kurudi kuwa unga. Kujua kama imekauka, ipime kwa mizani kila asubuhi. Uzito ukiacha kushuka, iko tayari. Kama huna mizani, iguse na shavu. Ikiwa baridi kama mtungi wa maji, bado.

Hapo sasa funga vipande kwa kamba au mpira wa tyubu, ziba mshono kwa udongo upande wa nje, geuza shingo juu na umimine leteksi polepole kwenye ukuta mmoja ili hewa ipate njia ya kutoka. Kaa pale uangalie. Baada ya dakika chache utaona kina kinashuka shingoni, na mstari wa mpira umebaki pale kilipokuwa. Hiyo ndiyo dalili kwamba kalibu inakunywa, nami hufurahi kila ninapouona mstari huo. Jazia. Dakika 30 hadi 60 kwa kawaida zinatosha. Kwangua kidogo ukingoni kwa kijiti, na ukiona ngozi ya milimita 2 au 3, mwaga iliyobaki kupitia kitambaa na uihifadhi. Usitumie chombo cha shaba, kwani shaba huuharibu mpira. Ndoo ya plastiki inatosha. Fungua madirisha kwa ajili ya amonia.

Ipindue juu ya vijiti viwili ikauke, na usiifungue hadi weupe wa maziwa uishe kabisa masikioni na puani, kwenye unene zaidi. Kabla ya kuivua, mwagia poda ya mtoto ndani, kisha nje kadiri unavyoibandua. Leteksi isiyo na poda ikijigusa hushikana, na haiachani tena. Itasinyaa pia, kati ya asilimia 5 na 10, basi kichwa chako cha udongo kiwe kikubwa kidogo kuliko cha mwigizaji.

Kuhusu chokaa, jibu ni hapana, ingawa naipenda. Mafundi wa Lamu walichonga zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kwa chokaa kwa sababu inaganda polepole na kumpa mtu nafasi ya kuchonga. Huganda kwa kuvuta gesi ya kaboni kutoka hewani, jambo la wiki nyingi, hupasuka ukiipaka nene, na huunguza ngozi. Kwa kalibu, baki na plasta.

Kama udongo wako bado ni mzima, toa kalibu mpya. Kama umeshauvunja, isugue hii kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo mpaka utelezi uishe, iloweke kwenye maji ya mvua ukiyabadilisha ili chumvi ipungue, ikaushe, halafu usimimine. Paka leteksi kwa brashi, tabaka 6 hadi 8, kila moja ikauke kwanza, na katikati utie vipande vya kitambaa cha shashi. Inachosha, lakini barakoa utaipata.

Usoni usiongeze makunyanzi. Ile ya 1978 ilikuwa barakoa ya dukani yenye sura ya mwigizaji William Shatner, wakaiondoa nyusi, wakapanua macho na kuipaka rangi nyeupe. Inatisha kwa sababu haionyeshi hisia yoyote. Rangi changanya na leteksi yenyewe. Rangi ya mafuta itapasuka mara ya kwanza ikikunjwa.

Kabla hujamvalisha mwigizaji, toboa matundu ya pua, na umwekee kipande cha leteksi kavu mkononi uone kama kitamwasha, maana wapo ambao mpira huwadhuru. Avue kila mnapokata kamera, kwa sababu ya joto. Na mkipiga ndani ya nyumba za kale, mtu amshike mkono kwenye ngazi: kwa matundu yale ya macho hataziona daraja zilizo miguuni pake.