18x9 ET20 kwenye Mark X? Geuza rimu usome nyuma kwanza

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba Toyota Mark X yako ina rimu za kiwandani 16x7 ET50 (inchi 16 kimo, inchi 7 upana, ET nitakueleza), umepata 18x9 ET20 "kali balaa", muuzaji kakuapia zinaingia bila shida, na kesho unaenda kumalizia hela. Unachouliza ni saizi ya tairi, mafuta yatapanda kiasi gani, na kama inchi 18 zinafaa barabara za Dar. Hayo yangoje. Kesho usiende.

Nakwambia hivi kwa sababu mimi nilienda. Nilikuwa na Subaru Forester SG5, rimu 16x6.5 ET48, gari tulivu kama mzee wa kanisa. Nikawa nashinda mtandaoni naangalia gari za watu zimelala chini, tairi zimejaa kwenye fenda, roho ikanipeleka Ilala. Pale nikaingizwa mjini na jamaa mwenye maneno matamu kuliko halua. Alikuwa na 17x8 nyeusi, mdomo unang'aa, matundu kumi. Nikauliza, kwa kiburi cha mtu aliyesoma kurasa mbili, "Hizi ET ngapi?" Akacheka. "Boss, ET mambo ya Wazungu. Matundu yakiingia, rimu imeingia." Nikacheka na mimi ili nisionekane mshamba. Nikatoa milioni moja na laki nne, rimu na tairi zake za mtumba.

Sasa hayo matundu kumi ndiyo ulimbo wenyewe. Matano ni ya 5x100, yaani matundu matano kwenye duara la milimita 100, Subaru kama yangu; matano ni ya 5x114.3, duara la milimita 114.3, Mark X kama yako. Zimetobolewa hivyo ili rimu moja iuzike kwa kila anayepita. Matundu yanakuhakikishia kwamba nati zitafungwa, basi. Tairi itasimama wapi, hiyo ni kazi ya ET.

Kifupi cha Kijerumani hicho, Einpresstiefe, neno refu kuliko foleni ya Mbagala, lakini maana yake ndogo. Chukulia umeipasua rimu katikati ya upana wake, kama unavyopasua mkate wa kupaka siagi. Kutoka kwenye mpasuo huo mpaka ule uso unaogusa habu, yaani kitovu cha gari rimu inapofungwa, ni milimita ngapi? Hizo ndizo ET. Namba ikiwa kubwa, uso wa kufungia umesogea upande wa nje wa rimu na rimu inazama ndani ya gari. Ikishuka, rimu inatoka nje. Ikienda hasi, gari inatembea kama kaa.

Hesabu yake hata mtoto wa darasa la saba anaiweza. Upana kwa inchi mara 25.4, gawa kwa mbili, toa ET. Unapata rimu inatokeza milimita ngapi nje ya habu. Zako za sasa: 39. Hizo unazozitaka: 94. Yaani tairi yako inatoka nje milimita 55 zaidi ya ilipo leo, kila upande. Chukua rula sasa hivi, weka kwenye fenda, halafu urudi hapa tuendelee.

Fundi hatakwambia, na wala si lazima awe muongo. Upande wa ndani unajumlisha ET badala ya kutoa, na ukipiga hesabu utaona rimu hizo zinakaa mbali na shokapu kuliko za zamani. Fundi ananyanyua gari kwa jeki, anazungusha tairi kwa mkono, anachungulia ndani, hakuna kinachogusa. "Safi!" Kwenye jeki kila rimu ni safi, mkuu. Tairi inaning'inia, haijabeba mtu.

Yangu, ambayo baadaye nilikuja kujua ni ET20, ilitoka nje milimita 47. Wiki ya kwanza nilikuwa napaki mbali makusudi ili nipate safari ndefu ya kugeuka kuitazama. Wiki ya pili nikaanza kuona usukani mzito, na kwenye ile mifereji inayochimbwa na malori Morogoro Road gari inavutwa kushoto, kulia, kama mbwa anayenusa. Tairi ya mbele ikitoka nje kiasi hicho inakanyaga mbali na mahali usukani unapozungukia, kwa hiyo kila shimo linakupa mkono. Nikarudi kwa fundi. "Utazoea." Na kweli nilizoea. Hata mvumo ulioanza nyuma kulia niliuzoea, nikawa naongeza sauti ya redio.

Mpaka siku ya harusi Morogoro. Ndani ya gari mimi, mke wangu, mashemeji wawili, mama mkwe, na gunia la mchele. Tuta la kwanza Mlandizi: kraaa! Nikasema ni jiwe. Tuta la pili: kraaa, na harufu ya mpira ulioungua. Mama mkwe, mtu mstaarabu sana, akaniuliza polepole, "Mwanangu, gari hii mbona miguu iko nje kama bata?" Nikamwambia ni mtindo.

Karibu na mizani ya Vigwaza nikasimama. Mdomo wa fenda ulikuwa umeichuna tairi begani, utepe wa mpira unaning'inia kama ganda la muwa, na chini yake unaziona nyuzi. Habu ya kulia nilipoigusa niliondoa mkono haraka kuliko nilivyoupeleka. Beringi imekwisha.

Tulikaa pale zaidi ya saa tatu, mama mkwe juu ya gunia la mchele chini ya mti, mimi natazama semi zikijipanga kwenda kupimwa. Na hapo ndipo ET iliponiingia kichwani. Angalia semi, mkuu: rimu ya mbele imetuna kuja nje, ya nyuma imezama kama bakuli. Mara nyingi ni rimu ile ile, imegeuzwa tu. Mbele imefungwa uso ukiangalia huku, nyuma kule, na ule umbali wa uso kutoka katikati ndio unaozifanya tairi mbili za nyuma zikae pamoja bila kugusana. Watu wa malori wanaishi na kitu hiki kila siku bila mbwembwe, mimi msomi nimelipia darasa barabarani.

Beringi imetengenezwa ikijua uzito utapita mstari gani. Kutoka ET48 kwenda ET20, mstari huo wa katikati ya rimu nimeusogeza nje milimita 28 (zile 47 ni za ukingo wa nje), na kila tuta likawa linaikunja beringi kama mtu anayening'inia kwenye ncha ya spana ndefu. Nisimsingizie muuzaji kila kitu, beringi za nyuma za SG ni laini tangu zamani. Lakini zilikuwa zimevumilia miaka, zikafa ndani ya miezi minne.

Bili: beringi mbili na kazi 320,000, tairi mbili 360,000, fenda kunyoosha na rangi 400,000. Ongeza ile milioni na laki nne. Rimu niliuza 450,000 kwa kijana mwenye Impreza. Nilimwambia ukweli wote, akanijibu "zitaingia tu." Huyo ni mimi kabla ya Vigwaza.

Ah, na nati. Tulipofungua tukakuta stadi mbili, zile bolti za habu, zimeliwa. Subaru inatumia nati za 12x1.25, Toyota 12x1.5 (unene ule ule wa milimita 12, meno tofauti), na fundi alizisukuma za Toyota kwa spana ya upepo, zikaimba, yeye akadhani zimekaza. Hili siwezi kuliongelea bila kutukana, nalipita.

Mchangiaji hapo juu anayekwambia ongeza spesa, ile sahani inayowekwa kati ya habu na rimu, ya milimita 15 "ili ijae vizuri", namheshimu, ila ET20 na spesa ya 15 ni ET5. Utakuwa nje milimita 70. Hiyo si Mark X, ni trekta. Na wanaosema "kunja mdomo wa fenda tu" hawaoni kutu inayoingia hapo masika ikianza.

Mimi siku hizi sivuki milimita 15 nje ya ilivyotoka kiwandani. Kwako wewe 18x8 ET50 inatoka 13 tu na inapendeza, na kama sasa una 215/60R16, basi 225/45R18 inakaribia kulingana urefu. Tundu la katikati la habu yako ni 60.1, rimu nyingi za hivi ni 73.1, kwa hiyo dai ringi za kujazia usije ukatetemeka ukifika 100.

Namba ya ET huwa imechapwa nyuma, kwenye mkono wa rimu au karibu na habu. Ukikuta imepigwa rangi mpaka nyuma, shtuka. Ilaze rimu kifudifudi, weka ubao ulionyooka juu ya mdomo wa nyuma, pima kutoka kwenye ubao kushuka mpaka uso wa kufungia. Kisha chukua upana kwa inchi, ongeza inchi moja ya midomo, zidisha 25.4, gawa kwa mbili, toa kwenye kipimo chako. Zile zangu: 134 toa 114. Ishirini. Dakika mbili za kazi, na ubao ningeupata kwa fundi seremala wa jirani bure.

Muuzaji akikataa usigeuze rimu yake, funga pochi. Akikubali, nitumie picha hapa kabla hujalipa. Ya nyuma, mkuu. Za mbele tumeshaziona.