Drogba hakufanya kitu timu ya taifa?

Kusema mshambuliaji Didier Drogba alifeli Ivory Coast kwa vile hana kombe la Afrika ni kumwonea. Mabao 65 katika mechi 105, mfungaji bora wa muda wote wa Tembo, kama timu hiyo inavyoitwa! Ni kweli penalti zilimwangusha: fainali ya 2006 El Hadary wa Misri alipangua yake, na 2012 dhidi ya Zambia akapaisha, mechi ikiwa 0-0. Lakini miezi mitatu tu baadaye, akiwa na klabu yake Chelsea kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Munich, dakika ya 88: kona ya Mata, Drogba anamtangulia beki, kichwa, wavuni! Kisha akapiga penalti ya mwisho, Chelsea bingwa wa Ulaya. Alistaafu timu ya taifa 2014, wenzake wakabeba kombe 2015. Hiyo bado inaniuma.