Usimharakishe mzee kukonda
Dada, umeuliza kama mzee wako wa miaka 78, aliyewekewa betri ya moyo (kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua kinachosaidia mapigo ya moyo), apunguzwe uzito ili aishi zaidi. Tafadhali usimharakishe. Kwa wazee wenye vifaa hivi, tafiti nyingi zimeona wembamba uliopitiliza, yaani BMI (uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) chini ya 18.5, ndio unaoambatana na vifo vingi zaidi. Unene wa wastani mara nyingi haukuonekana kuwa na hatari hiyo. Si lazima mafuta ndiyo yanayomlinda: anayekonda bila kukusudia mara nyingi ameshalemewa na ugonjwa, misuli imekwisha. Ngozi nyembamba juu ya kifaa nayo huweza kuchubuka, ikaleta maambukizi. Ila akiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, huenda si mafuta bali ni maji yanayojaa mwilini moyo ukielemewa. Mpigie daktari siku hiyohiyo.