Nimebadili paswedi kwenye simu, laptopu haina habari

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina duka la stesheni hapa Morogoro, najazia watu fomu za mkopo wa chuo, TIN na mambo kama hayo. Paswedi zangu zilikuwa kwenye daftari, mvua ikaliloanisha, nikahamia KeePass, ile programu ya kutunza paswedi, faili nikaliweka Google Drive. Juzi nikabadili paswedi ya imeili nikiwa kwenye daladala, kufika dukani laptopu bado inanipa ya zamani, halafu kwenye Drive nakuta mafaili mawili jina moja. Lipi ni lipi? Au nihamie programu nyingine?

JIBU: Pole na daftari dada yangu. Kwanza usifute faili lolote! KeePass haina sava yake, ni faili tu la .kdbx lililofungwa, kulitoa simu kulipeleka laptopu ni kazi ya Drive, sasa wewe naona uliiacha laptopu dukani imelifungua, simu ikasevu huku laptopu ikasevu kule, na Drive haiwezi kuchungulia ndani ijue kipya ni kipi, ikakuachia yote mawili. Tiba ipo. Chukua kopi ya yote mawili uweke kwenye fleshi, kisha fungua moja kwa KeePassXC, programu ya kompyuta inayosoma mafaili ya KeePass, menyu ya Database kuna palipoandikwa Merge From Database, ipe lile la pili. Kwa kila akaunti itachukua iliyobadilishwa mwisho, ya zamani inabaki kwenye historia.

Kuhama? Kwa mtu wa daladala na duka kama wewe, mi ningeenda Bitwarden, nayo ya kutunza paswedi ila ina sava yake. Bure, simu na laptopu ngapi sijui zote zinasinki zenyewe. LastPass, mwenzake, nayo ilikuwa hivyo hadi 2021 ikabana wa bure wachague simu au kompyuta, na 2022 wezi wakabeba kopi za makabati ya paswedi za wateja, paswedi za ndani zilikuwa zimefungwa lakini nani anataka presha hiyo. Ila bando likiisha Bitwarden utasoma tu, kuongeza au kubadili mpaka mtandao urudi, hapo KeePass inaipiga bao.

Paswedi kuu, ile inayofungua programu yenyewe, ukiisahau ndio basi, hata wenye programu hawana. Iandike kwenye karatasi ikae nyumbani, sio dukani.

Na kama umechanganya humo na za wateja, maana najua stesheni wanakuja "dada nikumbushe paswedi yangu", zitoe, waandikie kwenye risiti waondoke nazo.